Msako wa mbwa mitaani hauzuii kichaa cha mbwa

Ndugu Mhariri,

Naomba nafasi katika gazeti lako niongelee amri inayotolewa karibu kila mara mtu anapong'atwa na mbwa mjini: msako wa kuua mbwa wanaozurura. Mtoto anaumwa, wazazi wanalalamika, diwani anasimama kwenye kikao, na baada ya siku chache gari linapita mitaani na bunduki au nyama yenye sumu. Mizoga inahesabiwa, taarifa inaandikwa, watu wanatulia. Mwaka hauishi mbwa wamejaa tena, na kichaa kipo palepale.

Siwalaumu wanaoomba msako, maana wanaogopa kitu cha kuogopwa. Dalili za kichaa cha mbwa zikishajitokeza kwa binadamu, hospitali haina cha kufanya zaidi ya kumpunguzia mgonjwa mateso. Shirika la Afya Duniani linakadiria vifo 59,000 kila mwaka, karibu vyote Afrika na Asia, na takriban watu wanne katika kila kumi wanaong'atwa na wanyama wanaoshukiwa ni watoto wa chini ya miaka 15. Kwa Tanzania, utafiti uliochapishwa mwaka 2002 ulitumia idadi ya watu walioumwa na mbwa kukadiria vifo, ukapata karibu 1,500 kwa mwaka, wakati kumbukumbu rasmi zilikuwa zinaonyesha vifo kama 11 tu. Waliobaki walifia nyumbani, au waliandikiwa malaria ya kichwani, au hawakuandikwa popote. Kwa hiyo hili si suala la wapenda mbwa dhidi ya wasiopenda mbwa. Ni suala la njia ipi inaokoa watu, na msako si njia hiyo.

Hoja ya msako inaonekana nyepesi: mbwa wakipungua, maambukizi yatapungua. Magonjwa mengi hufuata kanuni hiyo. Kichaa cha mbwa hakiifuati. Watafiti waliofuatilia ugonjwa huu katika wilaya za Serengeti na Ngorongoro, wakipita nyumba kwa nyumba kuuliza nani aliumwa, lini, na mbwa wa nani, waligundua kwamba mbwa mmoja mwenye kichaa huambukiza, kwa wastani, mbwa mmoja na ushee. Wengi hawaambukizi yeyote, kwa kuwa hupooza mapema au wanakijiji huwawahi. Wachache huuma sana. Hesabu hiyo haibadiliki sana kati ya sehemu yenye mbwa wengi na yenye mbwa wachache. Sababu iko kwenye tabia ya mgonjwa mwenyewe. Mbwa mzima hukaa kwenye eneo lake na huuma akiingiliwa. Mwenye kichaa huacha eneo lake, hutembea kilomita nyingi bila kupumzika, na hushambulia chochote anachokutana nacho, kiwe mbwa, ng'ombe au mtu. Ukipunguza mbwa nusu, yeye atatembea zaidi kidogo na kuwapata waliobaki.

Lakini pia tutazame ni mbwa gani wanaouawa. Mjini tunazoea kumwita kila mbwa asiyefungwa kuwa ni mbwa koko asiye na mwenyewe. Tafiti zilizofanyika nchini mwetu zimeonyesha mara kwa mara kwamba mbwa wengi wanaoonekana barabarani wana nyumba. Wanazurura kwa sababu hazina uzio na kwa sababu hawapati chakula cha kutosha. Mbwa anayemkaribia mtu mwenye nyama mkononi ni yule aliyezoea watu, na aliyezoea watu ndiye aliyepelekwa kuchanjwa. Yule mwoga anayelala kwenye makorongo na kutoka usiku wa manane haonekani na mwenye bunduki.

Tuchukue mfano wa kata yenye mbwa 1,000, ambao 600 wamechanjwa. Msako unaua 300, na kati yao 200 ni wale waliochanjwa, maana ndio rahisi kufikiwa. Wanabaki 700, waliochanjwa ni 400, yaani asilimia 57. Jike hubeba mimba siku 63 hivi na huzaa watoto wanne, sita, hata wanane. Chakula cha dampo na mabucha kilekile sasa kinagawanywa kwa vinywa vichache, kwa hiyo watoto wengi zaidi wanapona. Wenye nyumba waliopoteza walinzi wao wanatafuta wengine, na anayetafutwa ni mtoto wa mbwa kutoka kijijini ambaye hajawahi kuona sindano. Idadi ikirudi 1,000, waliochanjwa ni asilimia 40, hata kabla hatujawaondoa waliokufa kwa uzee na ajali. Halmashauri imetumia risasi, mafuta ya gari na posho kuivunja kinga ambayo idara yake yenyewe ya mifugo iliijenga.

Kisha kuna wanaotorosha mbwa. Mtu akisikia gari la msako linakuja, humpakia mbwa wake kwenye bodaboda au basi ampeleke kwa ndugu wilaya ya jirani. Kama mbwa huyo aliumwa wiki tatu zilizopita, anasafiri na ugonjwa ukiwa bado umejificha mwilini. Dalili huchukua wiki kadhaa hadi miezi kutokea. Katika kisiwa cha Flores, Indonesia, kichaa kiliingia mwaka 1997 kwa mbwa walioletwa kwa mashua. Serikali ikaua karibu nusu ya mbwa wote wa kisiwa, na ugonjwa haukwisha. Kisiwa cha Bali, hukohuko Indonesia, nacho kilianza kwa kuua mwaka 2008, ugonjwa ukaendelea kusambaa kutoka upande mmoja wa kisiwa hadi mwingine. Wagonjwa walianza kupungua baada ya chanjo ya kisiwa kizima mwaka 2010.

Sumu ina hasara zake za ziada. Nyama iliyotegwa haichagui. Inaua paka, inaua kuku, inaua tai na mwewe wanaokula mzoga, na inalala pembezoni mwa njia ambayo watoto wanapita kwenda shule. Mbwa aliyekula sumu ya strikinini hufa kwa mikakamao huku fahamu zake zikiwa timamu. Nchi hii ina Sheria ya Ustawi wa Wanyama ya mwaka 2008, na sioni jinsi kifo cha namna hiyo kinavyoweza kupatana nayo.

Ulaya ilishapita njia hii kwa mbweha. Katika karne iliyopita kichaa kilisambaa kuelekea magharibi kupitia mbweha wekundu, kikafika Uswisi mwaka 1967 na Ufaransa mwaka uliofuata. Serikali zikawapiga mbweha risasi na kupuliza gesi ya sumu kwenye mashimo yao kwa miaka mingi. Mbweha waliobaki wakazaa zaidi, vijana wakahamia maeneo yaliyoachwa wazi, na kuhama huko kukawa ndiko kunakosafirisha virusi. Mwaka 1978 Waswisi walijaribu jambo jingine katika bonde la mto Rhone, mashariki mwa ziwa Geneva: walitawanya vichwa vya kuku vyenye chanjo ndani yake, mbweha wakavila. Ugonjwa ulisimama pale ulipokutana na mbweha waliochanjwa. Njia hiyo ikaenea, na kufikia 1999 Uswisi ilitangazwa kuwa haina tena kichaa cha mbweha. Mbweha wenyewe hawakuisha. Wanaishi hadi leo, tena katikati ya miji. Kwenye miji ya Uingereza, ambako mbweha hawana ugonjwa huu, halmashauri za London ziliwawinda kwa miongo kadhaa kisha zikaacha kufikia miaka ya 1980, kwa sababu kila eneo lililosafishwa lilijazwa na wengine.

Sisi pia tunao mbweha katika habari hii. Mikoa ya Lindi na Mtwara, zaidi ya theluthi moja ya wanyama waliothibitika au kushukiwa kuwa na kichaa katika ufuatiliaji uliofanywa huko walikuwa mbweha. Wapo waliosema basi kuchanja mbwa ni kazi bure kama porini kumejaa virusi. Matokeo yalionyesha kinyume. Mbwa walipochanjwa kwa miaka mfululizo, ugonjwa ulipungua kwa mbwa na kwa mbweha pia, kwa sababu mbweha peke yao walishindwa kuuendeleza kwa muda mrefu. Pemba ni ushahidi ulio wazi zaidi. Kampeni zilizoanza 2010 ziliufuta ugonjwa kisiwani kufikia 2014. Chanjo ikalegea, mwaka 2016 ukaingia tena kutoka nje ya kisiwa, kampeni zikarudishwa, na mwaka 2018 ukazimwa kwa mara ya pili. Wanaosema haiwezekani Afrika wanapaswa kuitazama Pemba.

Sasa nije kwenye kazi yenyewe, maana chanjo nayo inaweza kufanywa vibaya, na ikifanywa vibaya watu husema haifanyi kazi.

Lengo ni kuchanja asilimia 70 ya mbwa katika kila mtaa na kila kijiji, kila mwaka. Kuuzima ugonjwa kunahitaji kinga ya asilimia 20 hadi 40 tu, lakini kinga hiyo lazima iwepo kila siku ya mwaka. Mbwa wetu hawaishi muda mrefu. Ukichanja 700 kati ya 1,000 leo, na katika mwaka mmoja mbwa wanne katika kila kumi wakafa na nafasi zao zikachukuliwa na watoto, siku ya kampeni inayofuata umebakiwa na 420. Bado uko salama. Ukianza na 400 utamaliza na 240, na hapo ugonjwa unapita. Ndiyo maana wastani wa wilaya unadanganya. Wilaya inaweza kutangaza asilimia 65 huku kata tatu zilizo karibu na mjini zikiwa na 90 na kata moja ya pembezoni ikiwa na 10. Kichaa kitaishi kwenye hiyo moja mwaka mzima, kisha kitarudi mjini.

Makosa mengi huanza kwenye ratiba. Wengi huchanja tarehe 28 Septemba tu, Siku ya Kichaa cha Mbwa Duniani, kwenye uwanja mmoja, kukiwa na mgeni rasmi, hema na fulana. Mahudhurio hushuka haraka kadiri nyumba zinavyokuwa mbali na kituo. Anayekaa zaidi ya kilomita moja hawezi kumburuta mbwa asiyezoea kamba njia nzima. Panga vituo vidogo vingi: chini ya mti wa ofisi ya mtaa, kwenye ua wa shule ya msingi, karibu na josho. Kituo kimoja kwa siku moja, kuanzia saa moja na nusu asubuhi, kabla jua halijawa kali na mbwa hawajaanza kuhema na kugombana. Jumamosi ni nzuri kwa sababu watoto wapo nyumbani, na katika nyumba nyingi mbwa humtii mtoto kuliko baba. Tangazo litoke mara mbili, siku mbili kabla na jioni ya kuamkia, kwa kipaza sauti, msikitini, kanisani na kupitia walimu. Bango lililobandikwa ofisini halisomwi.

Chanjo iwe bure. Hapa sina mashaka hata kidogo. N'Djamena, mji mkuu wa Chad, walipojaribu kuwatoza wenye mbwa, waliochanjwa hawakufika robo. Ilipotolewa bure katika kampeni za 2012 na 2013 walivuka asilimia 70, na maambukizi ndani ya mji yakakatika kwa miezi kadhaa hadi yalipoletwa tena kutoka nje. Mwenye mbwa watano haoni kwa nini alipe kwa wote. Atamleta mmoja anayempenda. Fedha inayokusanywa hailingani na gharama ya mtu mmoja kupewa sindano baada ya kuumwa.

Mezani panahitajika watu watatu: mwandishi, mchanjaji na wa kupaka alama. Foleni iwe na nafasi ya mita mbili hivi kati ya mbwa na mbwa, na wenye mbwa wakali waitwe pembeni mapema. Mbwa ashikwe na mtu aliyemleta. Anasimama amembana katikati ya magoti, mkono mmoja umeshika ngozi ya shingo nyuma ya masikio, mwingine umekaza kamba. Asiyefungwa mdomo afungwe kwa kipande cha bandeji: kitanzi juu ya pua, kizungushwe chini ya taya, kisha nyuma ya masikio. Mchanjaji anatikisa chupa, anavuta mililita 1, anainua ngozi ya begani mpaka iwe kama hema dogo, anachoma sehemu ya chini ya hilo hema na kusukuma. Hapo kuna kosa linalotokea mara nyingi wakati wa haraka: sindano inapita upande wa pili wa ngozi na dawa inamwagika kwenye manyoya. Mchanjaji akihisi unyevu vidoleni, mbwa huyo hajachanjwa, arudie. Dozi ni mililita 1 kwa mbwa wote, awe wa kilo 30 au wa kilo 2. Chupa nyingi za kampeni zina dozi 10, na iliyofunguliwa itumike siku hiyohiyo.

Watoto wa mbwa wachanjwe. Nalisema kwa mkazo kwa sababu bado kuna vituo vinavyowarudisha walio chini ya miezi mitatu, kwa kufuata mafunzo ya zamani. Shirika la Afya Duniani linapendekeza mbwa wa umri wowote wachanjwe wakati wa kampeni, na utafiti umeonyesha watoto wadogo nao hupata kinga. Katika miji yetu watoto ni sehemu kubwa ya mbwa wote. Ukiwaacha leo, watakaa mwaka mzima bila chanjo, na ndio wanaochezewa na watoto wa binadamu. Mwenye nyumba akirudishwa na watoto sita wa mbwa mara moja, mwakani hatakuja hata na mama yao. Kwenye tangazo lisemwe wazi: leteni wote, hata waliofumbua macho juzi, mkiwabeba kwenye ndoo au kikapu.

Kuhusu baridi, kanuni ni nyuzi 2 hadi 8, na chanjo isigande. Barafu isigusane na chupa. Weka gazeti au kitambaa katikati. Chupa iliyoganda ikayeyuka itupwe hata kama inaonekana nzuri. Joto, kwa upande mwingine, halitishi kama tulivyofundishwa. Moja ya chanjo zinazotumika sana imepimwa, ikaonekana inaendelea kuwapa mbwa kinga ileile hata baada ya kukaa miezi sita kwenye nyuzi 25 au miezi mitatu kwenye nyuzi 30. Hilo limewawezesha watafiti mkoani Mara kuhifadhi chanjo vijijini kwenye vyungu vya udongo vinavyopozwa na maji yanayovukiza, bila umeme. Faida yake ni kubwa: mtu aliyefunzwa anakaa na dozi zake kijijini na kuchanja mwaka mzima, watoto wanapozaliwa na mbwa wageni wanapoingia, badala ya kungoja gari la wilaya siku moja kwa mwaka. Halmashauri yoyote ikitaka kufanya hivyo ihakikishe kwanza kwamba chanjo iliyonayo ni ya aina iliyopimwa.

Alama ni kitu kinachodharauliwa. Kila aliyechanjwa apakwe rangi ya mifugo paji la uso au mgongoni, au avishwe utepe shingoni. Jioni ileile, au kesho yake alfajiri mbwa wanapotoka, watu wawili watembee njia zilizochaguliwa mapema katika mtaa huo kwa muda wa saa moja, wakihesabu kila mbwa waliyemwona, mwenye alama na asiye nayo, wakubwa na wadogo. Wakiona 40 na wenye alama ni 18, ni asilimia 45, na timu irudi wiki hiyohiyo nyumba kwa nyumba. Hesabu hii haihitaji kompyuta. Bila hiyo, ofisa anabaki na idadi ya dozi zilizotumika, ambayo haimwambii lolote kwa sababu hajui mbwa ni wangapi. Nyumba kwa nyumba ni ghali na inachosha, lakini kwa mitaa yenye mbwa wasioshikika ndiyo pekee inayofika, na hapo nyavu za mikono zitumike.

Je, idadi ya mbwa isidhibitiwe kabisa? Idhibitiwe. Mbwa wengi wenye njaa huuma watu hata bila kichaa, huua mbuzi, huchafua mazingira, husababisha ajali za pikipiki. Ila kazi hiyo iende kwa njia zake na kwa subira yake, wala isichanganywe na vita vya kichaa.

Kinachoamua idadi ni chakula. Angalia mbwa wanapolala mchana: nyuma ya machinjio, kando ya soko la samaki, kwenye vizimba vya taka visivyo na mlango. Shimo la machinjio lenye mfuniko, kizimba chenye wavu wa chuma na taka kuondolewa kabla ya usiku hupunguza mbwa bila damu. Ipunguzwe taratibu, baada ya chanjo. Ukifunga dampo ghafla, mbwa mia wenye njaa watahamia makazi ya watu kwa pamoja.

Kinachofuata ni kufunga uzazi, na hapa nguvu ielekezwe kwa majike. Kuhasi madume ni rahisi na hupendeza kwenye picha, lakini ukihasi tisa kati ya kumi, wa kumi atawapanda majike wote. Upasuaji wa jike huondoa kizazi na vifuko vya mayai. Unahitaji dawa ya usingizi, vifaa vilivyochemshwa au kupikwa kwa mvuke, uzi unaoyeyuka, dawa ya maumivu na sehemu kavu ya kumlaza mpaka ajiweze. Mambo mawili huharibika zaidi: fundo la mshipa wa damu kuteleza, mbwa akavuja damu ndani kwa ndani, na mshono kufunguka kwa kuwa aliachiwa akiwa bado ameleweshwa na dawa. Daktari mmoja makini hamalizi majike wengi kwa siku, kwa hiyo mji usitegemee mabadiliko ndani ya mwaka. Anayeahidi kumaliza mbwa wa mji kwa wiki moja ya upasuaji anauza maneno.

Mbwa mwenye dalili za kichaa auawe, hilo halina mjadala. Lakini asipigwe kichwani. Ubongo ndio unaopimwa maabara, na risasi ya kichwa au rungu la fuvu huuharibu. Ofisa mifugo mwenye glavu, miwani na kinga ya chanjo mwilini anaweza kuchukua kipande cha ubongo bila kupasua fuvu: anakata kichwa kwenye kiungo cha shingo, anaingiza mrija kama wa kunywea soda kupitia tundu la nyuma ya fuvu kuelekea kwenye jicho, anauzungusha, anaubana na kuutoa. Sampuli inawekwa kwenye chupa isiyovuja ikiwa na mchanganyiko wa gliserini na maji ya chumvi, inafungwa kwa tabaka tatu na kupelekwa kwa baridi kwenye Wakala ya Maabara ya Veterinari. Jibu hilo ndilo linaloiambia wilaya ugonjwa uko wapi. Misako imetunyima majibu ya aina hiyo mara nyingi mno: mbwa mia wamefukiwa shimoni na hakuna hata mmoja aliyepimwa.

Mbwa aliyemuuma mtu na anaonekana mzima asiuawe. Afungwe kwa siku 10, apewe maji na chakula. Akiwa hai na mzima siku ya kumi, hakuwa na virusi kwenye mate siku alipouma. Ukimuua siku ya kwanza na kumzika, umemwacha aliyeumwa gizani.

Na aliyeumwa asingoje hizo siku 10. Kidonda kioshwe hapohapo kwa sabuni na maji yanayotiririka, dakika 15 kamili kwa kutazama saa. Si kumwagia maji kidogo na kufuta. Virusi hivi hufa kwa sabuni. Pilipili, mafuta ya taa, majivu na mafuta ya breki huchubua nyama na kuvisaidia kuingia. Kisha aende kituo cha afya siku hiyo. Kwa ambaye hajawahi kuchanjwa, ratiba inayokubalika tangu 2018 ni dozi ya 0.1 ya mililita ndani ya ngozi, sehemu mbili, siku anapofika, siku ya 3 na siku ya 7. Kidonda kilichotoa damu kinahitaji pia kingamwili, yaani kinga iliyotengenezwa tayari, inayodungwa ndani na kuzunguka kidonda. Njia hii ya ngozini inatumia dawa kidogo kuliko ya msulini, hivyo chupa moja inaweza kugawanywa kwa wagonjwa kadhaa wakifika siku moja. Kidonda cha uso au mkono kwa mtoto ni dharura, hata kama ni mkwaruzo mdogo.

Ombi langu kwa madiwani na wakurugenzi ni la kibajeti. Fungu linaloitwa udhibiti wa mbwa wazururaji lihamishiwe kwenye chanjo, kamba, rangi na posho ya watu wawili wa kuhesabu jioni. Na taarifa ya robo mwaka inayoletwa kwenye baraza iache kuandika mbwa waliouawa. Iandike, kwa kila mtaa: mbwa walioonekana kwenye hesabu ya jioni, wenye alama kati yao, watu walioumwa, waliomaliza sindano, na sampuli za ubongo zilizopelekwa maabara na majibu yake. Karatasi hiyo ibandikwe ofisi ya kata ili mwananchi aone mtaa wake uko wapi, na mtaa wenye chini ya 70 upangiwe tarehe ya kurudiwa kabla kikao hakijafungwa.

Wako,
Mdau wa afya ya mifugo na binadamu